Alama Arobaini na Sita

Barua ilimkuta Clement Simbeye amelala chali chini ya lori, miguu tu ndiyo inaonekana. Alikuwa akiweka jeki kwenye ekseli ya nyuma, na dereva wa lori hilo, Mzambia mmoja mwenye haraka, alisimama kando akiuliza kila baada ya dakika mbili kama kazi inakwisha. Foleni ya kuelekea mpakani ilikuwa imeanza kusogea asubuhi ile, na mwenye tairi bovu ndani ya foleni ya Tunduma hana subira na mtu.

"Baba," sauti ikaita.

Clement aliifahamu sauti ile kabla hajaiona sketi ya bluu. Akajiburuza kutoka chini ya lori, akakaa kwenye vumbi. Ilikuwa Jumatano, saa nne asubuhi, na binti yake Grace, mwanafunzi wa darasa la saba, hakupaswa kuwa hapo.

"Unaumwa?"

Grace akatikisa kichwa. Akamnyooshea karatasi iliyokunjwa mara mbili. Clement akafuta mikono kwenye suruali, lakini grisi ya lori haifutiki kwa suruali. Alipoifungua barua, vidole vyake vikaacha alama nyeusi pembeni, karibu na muhuri wa shule.

Aliisoma polepole, midomo ikicheza. Mwanafunzi Grace Clement Simbeye amebainika kufanya udanganyifu katika mtihani wa ujirani mwema, somo la Hisabati. Mzazi afike ofisini kesho Alhamisi saa tatu kamili. Mwanafunzi hataruhusiwa kuingia darasani hadi mzazi atakapofika.

"Udanganyifu maana yake uliibia?"

"Wanasema nilichungulia kwa Felista."

"Ulichungulia?"

"Sikuchungulia, baba."

"Umepata ngapi?"

"Arobaini na sita."

"Kwa hamsini?"

"Kwa hamsini."

Dereva akakohoa. Clement hakumtazama. Alikuwa akikumbuka ripoti ya Desemba iliyopita, aliyoisoma akiwa amekaa juu ya tairi kuukuu analokalia kila siku: Hisabati, kumi na moja. Kumi na moja, halafu miezi mitano mbele, arobaini na sita. Na Felista, kila mtu alimjua Felista, mtoto wa wakala wa forodha, wa kwanza tangu darasa la tatu.

"Mwaka jana ulipata kumi na moja," akasema.

Grace aliinamisha kichwa. Aliangalia viatu vyake.

"Walikutoa darasani?"

"Walinitoa paredi. Mwalimu mkuu aliniita mbele, wote wakiwa wamepanga mistari. Akasema huyu ndiye anayetaka kutufungia kituo cha mtihani."

Dereva akasema kwa Kiswahili chake cha njiani, "Fundi, foleni inaenda, bwana." Clement akarudi chini ya lori. Huko chini, jeki mkononi, aligundua kwamba hakuwa amemwambia mtoto neno lolote la kumtuliza. Alipochungulia, sketi ya bluu ilikuwa imeshaondoka.

 

Aida, mkewe, alikuwa na meza ya chai na chapati nyuma ya maegesho, mahali ambapo madereva hulala ndani ya malori yao siku mbili, tatu, wakisubiri karatasi. Saa kumi jioni Clement alipofika hapo, mkewe alikuwa ameshasikia kila kitu. Grace alikuwa ameinama kwenye beseni akiosha vikombe, mgongo kawapa.

"Saini yaishe," Aida akasema kabla hata hajamkaribisha kiti.

"Nisaini nini? Hawajasema nisaini."

"Watasema. Ukiitwa ofisini, ni kusaini. Saini, uombe msamaha, mtoto arudi darasani. Baba Grace, mimi sitaki maneno na ofisi."

Clement alijua hofu ile inatoka wapi. Aida alizaliwa Nakonde, ng'ambo ya mpaka, umbali ambao mtu mwenye sauti kubwa anaweza kuita akasikika. Mama yake bado anaishi huko. Ni Wanamwanga walewale, ukoo uleule, misiba wanazikana. Lakini Aida hakuwahi kuwa na karatasi inayosema yeye ni wa wapi, na kila aliyekuja na kalamu na orodha alimfanya amwage chai.

Ndiyo maana mwezi wa pili, mwalimu mpya wa Hisabati alipofika nyumbani kwao na daftari kubwa kwapani, mambo yaliharibika. Mwalimu Gwantwa alikuwa ametoka Itumba, huko kwenye vilima vya Ileje, na Kiswahili chake kilikuwa na mvuto wa Kindali. Aliamkia vizuri, akapewa kigoda, akaanza kuuliza. Mtoto huamka saa ngapi? Hula nini kabla ya kuja shule? Husomea wapi? Nani humsaidia? Mnazungumza lugha gani hapa nyumbani?

Swali hilo la lugha ndilo lililomwinua Clement. "Mwalimu," alisema, "wewe umetumwa na shule au na Uhamiaji?" Mwalimu alijaribu kueleza kwamba anawatembelea watoto wote arobaini na nane wa darasa lake. Clement hakutaka kusikia. Alimwonyesha mlango. Siku iliyofuata Aida alivuka kwenda kwa mama yake, na Grace akashika meza ya chai siku tatu, hadi woga ulipopoa.

Sasa Aida aligeuza chapati, akasema kwa sauti ya chini, "Labda tungemjibu vizuri yule mwalimu, leo angetutetea."

Clement hakulipenda neno hilo. Akamgeukia binti yake.

"Grace. Hapa tuko wenyewe. Mimi baba yako sikupigi. Kama ulichungulia, niambie leo, nisiende kuumbuka kesho mbele ya watu."

Grace akaweka kikombe chini. Alikuwa na miaka kumi na mitatu, na uso wake ulikuwa mkavu kabisa.

"Umeniuliza asubuhi, nikakujibu," akasema. "Ukiniuliza mara ya tatu ndiyo jibu litabadilika?"

Aida alishtuka, akitegemea kofi. Clement hakuinua mkono. Alikunywa chai yake yote, ya moto vile vile, na njia nzima ya kurudi kazini ulimi ulikuwa unamuuma.

 

Alhamisi alivaa shati la kanisani. Suruali haikuwa na mwenzake, kwa hiyo alivaa ileile ya kazi, aliyoifua jana yake na bado ina unyevunyevu kiunoni. Yeye na Grace walifika saa tatu kasoro robo. Walisimama kwenye veranda hadi saa nne, wanafunzi wakipita na kunong'onezana, na Grace akisimama wima kama mtu aliyeamriwa.

Walipoitwa, mwalimu mkuu, Mwalimu Osea, alikuwa nyuma ya meza yake pamoja na Afisa Elimu Kata, Bwana Ambilikile, mtu mnene mpole aliyevaa miwani ya kusomea kwenye ncha ya pua. Kulikuwa na kiti kimoja chenye kitambaa. Clement alipoinama akae, Mwalimu Osea akasema, "Ngoja kidogo, baba," akachukua gazeti la zamani kwenye rafu, akalitandaza juu ya kiti. Alifanya hivyo bila ubaya wowote, kama mtu anayefunika sahani nzi wasitue. Clement akakaa juu ya gazeti. Grace aliona.

"Baba Grace, sisi hatugombani," Mwalimu Osea alianza. "Mtihani huu ni wa pamoja wa shule jirani, umesahihishwa na walimu wa shule nyingine. Wao ndio wamegundua. Watoto wawili, mmoja nyuma ya mwenzake, wote arobaini na sita. Felista tunamjua. Huyu wako naye tunamjua." Akafungua faili. "Kumi na moja. Mwaka jana, Hisabati, kumi na moja. Mtoto hapandi hivyo. Wewe ni fundi, unajua vitu vinavyokwenda na visivyokwenda."

"Ndiyo, mwalimu."

"Septemba ni mtihani wa taifa. Jina la shule likitajwa na udanganyifu, tunaumia wote, hata watoto wa wenzako. Kwa hiyo nimeandika hapa barua fupi. Mzazi unakiri kwamba mtoto alikosea na hatarudia. Unasaini, alama zinafutwa, mtoto anarudi darasani leo leo. Yanaishia hapa."

Barua ilisukumwa mbele yake, na kalamu juu yake. Clement aliitazama. Ilikuwa rahisi mno. Mstari mmoja, jina lake, na Aida angelala usingizi. Alimtazama Grace aliyesimama mlangoni. Grace hakumwomba kitu. Hakutikisa kichwa, hakulia. Alikuwa anamtazama baba yake tu, kama mtu anayesoma swali na kusubiri kuona jibu.

Clement alishika kalamu.

Baadaye, kila alipoieleza siku hiyo, hakuwahi kusema uongo kuhusu hapa. Alishika kalamu. Aliandika herufi ya kwanza ya jina lake.

"Hodi," akasema mtu mlangoni, nyuma ya Grace. Alikuwa Mwalimu Gwantwa, mikono imejaa vumbi la chaki, na kwapani daftari lilelile kubwa. "Samahani, mwalimu mkuu. Nimewaachia zoezi. Naomba kabla baba Grace hajasaini, nami nisikilizwe. Mtoto ni wa somo langu."

Mwalimu Osea akashusha pumzi. "Mwalimu Gwantwa, tulishaongea jana. Takwimu zinazotakiwa ni za kupeleka wilayani. Hayo unayoandika humo kila siku ni juhudi zako binafsi, nakusifu, lakini si ushahidi."

"Mwache aonyeshe," Bwana Ambilikile akasema, akisukuma miwani. "Nimekuja na bodaboda toka mbali, nisirudi na upande mmoja."

 

Mwalimu Gwantwa aliweka daftari mezani. Lilikuwa kaunta buku nene, pembe zimechakaa, limefungwa kwa utepe. Alilifungua katikati, kisha akachukua karatasi mbili tupu akafunika kurasa za jirani, ukabaki ukurasa mmoja.

"Hizo nyingine ni za watoto wengine," akasema. "Si za kikao hiki. Baba Grace, sogea uone. Huu ni wa mtoto wako."

Clement akaacha kalamu. Akasogeza kiti, gazeti likakwaruza.

"Kila Ijumaa natoa jaribio la maswali ishirini," mwalimu akaeleza. Alikuwa akimweleza Clement, si wale wakubwa. "Sisahihishi tu na kuandika alama. Naandika kila swali alilokosa, na kwa nini amekosa. Nikiweka H, alifanya haraka. Nikiweka K, kanuni haijui. Nikiweka N, ni neno. Hesabu anaijua ila neno la Kiswahili lililotumika limemshinda. Tazama Januari."

Clement akatazama. Ijumaa ya kwanza: tano kwa ishirini. Na pembeni, safu ndefu ya herufi, karibu zote sawa: N, N, N, N, N, K, N, N, na kuendelea.

"Nikamwuliza mia mbili kutoa themanini na tano, akajibu kabla sijafunga mdomo. Nikamwandikia, tafuta salio, akakaa kimya. Salio alikuwa hajui ni nini. Tofauti, hajui. Mzingo anachanganya na eneo. Miaka sita mtoto anaitwa mzito wa hesabu, kumbe hesabu anazo, maneno ndiyo yanamkwamisha. Ndipo nikaja nyumbani kwenu kuuliza lugha."

Clement alihisi joto likimpanda shingoni. Chini ya jina la Grace kulikuwa na mstari umeandikwa Nyumbani. Alikuwa akiuogopa mstari kama huo tangu mwezi wa pili. Aliusoma polepole, midomo ikicheza, akitafuta neno Nakonde, akitafuta jina la Aida. Hayakuwepo. Mwalimu alikuwa ameandika: Nyumbani ni Kinamwanga na Kibemba, Kiswahili kidogo. Mama ana biashara ya chai. Mtoto hurudisha chenji za shilingi na kwacha bila kuandika. Aanzie hapo.

"Hiyo tu?" akauliza.

"Hiyo tu ndiyo niliyoihitaji. Niliipata kwa Grace mwenyewe. Nikaanza kumtungia maswali ya chai na chapati, ya malori na matairi, Kiswahili kikiingia taratibu. Na wengine kumi na mmoja nikagundua wana shida hiyohiyo, nikawakalisha kundi moja, dakika ishirini kabla ya paredi. Angalia anavyokwenda."

Kidole chenye chaki kilishuka kwenye safu. Tano. Sita. Nane. Halafu tisa, kumi, kumi na moja, kumi na tatu, kumi na mbili, kumi na nne, kumi na tano, kumi na tano, kumi na sita, kumi na sita, kumi na saba, kumi na nane. Zile N zilianza kupungua kama mvua inayokatika, moja hapa, moja kule, hadi zikaisha kabisa.

"Hapa," Bwana Ambilikile akagusa. "Umeruka moja. Kati ya nane na tisa kuna tatu. Alianguka kwa nini?"

Mwalimu Gwantwa akasawazisha karatasi ya kufunikia. "Wiki hiyo alikosa siku tatu. Alikuwa na udhuru wa nyumbani."

Clement aliitazama ile tatu. Hakuna aliyemuuliza yeye. Angeweza kukaa juu ya gazeti lake na kunyamaza, na mwalimu yule aliyefukuzwa nyumbani kwake alikuwa ameshamfichia aibu mbele ya wakubwa.

"Si udhuru," akasema. "Ni mimi. Mwalimu alikuja kwangu kwa heshima, mimi nikamfukuza, nikamzuia mtoto asije shule siku tatu. Hiyo tatu si ya Grace. Hiyo ni alama yangu mimi."

Mlangoni, kwa mara ya kwanza tangu Jumatano, Grace akayashusha mabega.

Mwalimu Osea akajikuna kisogo. "Nakubali mtoto alikuwa anapanda. Lakini kupanda ni jambo moja, na kuchungulia siku ya mtihani ni jingine. Hilo daftari halikuwepo chumba cha mtihani."

"Kweli," mwalimu akasema. "Kwa hiyo naomba tufungue bahasha. Karatasi zao zimerudi jana. Sisi sote tumeangalia orodha ya alama tu, na mimi pia. Hakuna aliyeangalia walikosa wapi."

Bahasha ilikuwa juu ya kabati. Mwalimu Osea mwenyewe ndiye aliyeishusha na kuifungua, na Bwana Ambilikile akazitandaza zile karatasi mbili kando kwa kando. Akaanza kupitisha kidole huku na huku, akihesabu kwa sauti ya chini kama mtu anayesali.

"Felista amekosa namba tisa, ishirini na sita, na arobaini na nne, ile ya alama mbili."

"Grace je?" Mwalimu Osea akauliza.

"Grace... tisa amepata. Ishirini na sita amepata. Arobaini na nne amepata, tena ameonyesha njia." Akanyanyua kichwa, akakishusha tena. "Yeye amekosa kumi na saba, thelathini na moja, na arobaini na tatu, nayo ya alama mbili. Na zote tatu Felista amepata."

"Sasa kama alikuwa anachungulia kwa Felista," Mwalimu Gwantwa akasema taratibu, "yale ambayo Felista hakuyajua aliyachungulia kwa nani? Na yale aliyoyapata Felista, mbona aliyaacha? Naomba soma swali la kumi na saba."

"Tafuta mzingo wa duara lenye kipenyo cha sentimita kumi na nne."

"Thelathini na moja?"

"Eneo la duara."

"Arobaini na tatu nayo ni duara, najua hata kabla sijaiona." Akageuza daftari kuwaelekea. "Someni Ijumaa tatu za mwisho. Kilichobaki kwa Grace ni K moja tu. Nimeandika: duara, bado. Duara, bado. Duara, bado."

Bwana Ambilikile alivua miwani. Alimtazama Clement, suruali yake ya kazi, vidole vyake, kisha akaanza kucheka, kicheko cha tumboni kisicho na dharau. "Yaani mtoto wa fundi matairi," akasema, "kitu kinachomshinda duniani ni duara!"

Clement naye akacheka. Hakutaka, lakini kilimtoka, na nyuma ya kicheko hicho macho yalimjaa maji, akayafuta kwa mkono wa shati la kanisani. Hata Mwalimu Osea alitabasamu, ingawa uso wake ulikuwa umeshuka. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyeogopa, aliyekamata namba mbili akazifanya hukumu.

"Basi, baba Grace," akasema, akiivuta ile barua. "Hii naiweka pembeni. Mtoto arudi darasani."

"Hapana," Clement akasema.

Alisimama. Gazeti lilishikamana na suruali yake yenye unyevu. Akalibandua, akalikunja vizuri, akaliweka mezani. "Naomba uichane, mwalimu mkuu. Ina herufi ya jina langu, na sikupaswa kuiandika. Na jambo la pili. Mtoto huyu alitolewa paredi, shule nzima inaangalia. Leo akirudi kwa mlango wa nyuma, watasema baba yake kaja kuomba. Naomba arudishwe palepale alipotolewa."

Mwalimu Osea akamtazama afisa. Afisa alikuwa anaangalia dirishani, kana kwamba swali hilo halimhusu. Barua ikachanwa vipande vinne.

"Jumatatu," mwalimu mkuu akasema. "Paredi ya Jumatatu."

 

Waliondoka pamoja saa sita, kwa sababu Clement aliomba mtoto apewe ruhusa ya nusu siku. Walipita pembeni ya barabara, upande wa malori. Kisha Clement akasimama kati ya lori mbili, mahali ambapo hapakuwa na mtu.

"Nilishika kalamu," akasema.

"Nilikuona."

"Ulinijibu mara ya kwanza, nikakuuliza mara ya pili. Watu wa ofisini hawakujui. Mimi nakujua tangu unazaliwa, na nilikuwa pamoja nao. Nisamehe, mwanangu."

Grace hakuzoea kuombwa msamaha na mtu mzima. Alichezea kamba ya begi. "Nilikasirika," akasema mwishowe. "Nilitaka ufurahi kwanza. Arobaini na sita, baba. Nilikimbia nayo kichwani siku nzima nikisubiri kukwambia, halafu wakaja na hayo yao. Wewe ukauliza udanganyifu."

Clement akaweka mkono begani kwake, ule mzito wa kufungulia nati. "Niambie sasa. Kana kwamba hujaniambia."

"Nimepata arobaini na sita."

"Kwa ngapi?"

"Kwa hamsini, baba!"

"Ala!" Clement akapaza sauti, dereva mmoja akachungulia kutoka dirishani. "Arobaini na sita kwa hamsini! Mtoto wa nani huyo?"

Grace akacheka, akiziba mdomo. Mbele kidogo Clement aliokota kipande cha waya wa kufungia turubai, akasimama penye gurudumu la lori, akauliza, "Haya, kipenyo ndiyo kipi hapa?" Naye pia alikuwa hajui. Walipima pamoja, yeye akishika upande mmoja, binti yake upande mwingine, hadi mwenye lori alipowauliza wanataka nini na tairi lake.

 

Jumatatu, Aida hakufungua meza ya chai. Alivaa kitenge chake kizuri na kilemba, akasema anakwenda.

"Ofisini?" Clement akauliza, asiamini.

"Paredi. Nasikia ni nje. Nje naweza."

Walisimama kwenye uzio, upande wa barabara, yeye na mumewe, pamoja na wanawake wawili waliokuwa wakielekea sokoni na karai za maharage. Wanafunzi walikuwa wamepanga mistari, sweta za bluu kwa mamia, pumzi zikitoka moshi kwa baridi ya asubuhi ya Juni. Mwalimu Osea alipanda ngazi. Hakuzunguka. Alisema wiki iliyopita alimwita mbele mwanafunzi Grace Simbeye na kumshutumu kwa jambo ambalo hakulifanya. Alisema alama zake ni zake, amezitafuta kwa wiki kumi na sita, na yeye mwalimu mkuu ameziona wiki zote kumi na sita kwa macho yake. Alisema kuanzia muhula ujao kila mwalimu wa shule ile atakuwa na daftari kama la Mwalimu Gwantwa, na yeye mwenyewe ataanza kwa kujifunza kwa mwalimu huyo. Kisha akamwita Grace.

Grace alitoka mstarini. Alitembea mbele hadi chini ya bendera, akageuka akawaelekea wenzake. Hakuinama. Katikati ya mstari wa darasa la saba, mtu alianza kupiga makofi peke yake, kwa nguvu, kabla ya amri. Clement alinyoosha shingo akaona ni Felista. Halafu shule nzima ikapokea.

"Kuna nini leo huko?" mmoja wa wale wanawake wa maharage akauliza.

Aida ndiye aliyejibu, na hakujibu kwa sauti ya kujificha aliyoitumia miaka yote mbele ya kila jengo lenye bendera. Aliongea kwa sauti ya mtu aliye kwake.

"Wanampigia makofi binti yetu," akasema. "Yule pale mbele. Grace. Ni wetu."

Kule mbele kengele ya kipindi cha kwanza ililia. Makofi hayakuwa yamekwisha bado, lakini Mwalimu Gwantwa alikuwa ameshasimama mlangoni mwa darasa la saba na chaki mkononi, na Grace akakimbia ili asichelewe.